Ini Halioshwi: Tunahesabu Mafuta, Tunasahau Makovu

Kuna sentensi moja siku hizi inayowanyima watu usingizi, na huandikwa chini kabisa ya majibu ya ultrasaundi: ini lina mafuta, daraja la kwanza. Au la pili. Mtu alikwenda kupigwa picha kwa sababu ya kiungulia kisichoisha, au mawe ya figo, au ujauzito, akarudi nyumbani na ugonjwa ambao hakuutafuta. Aliyempiga picha si aliyemwandikia kipimo. Aliyemwandikia ana foleni mpaka nje ya mlango. Anaipitia karatasi haraka haraka, anasema punguza chipsi, punguza mafuta, fanya mazoezi, kisha anamwita anayefuata. Jioni mgonjwa anaandika yale maneno kwenye simu, na kabla hajalala ameshapewa bei ya dawa ya kusafisha ini pamoja na namba ya kulipia.

Ninachotaka kusema ni kwamba ugonjwa huu tumeupokea kwa mlango usio wake. Umeingilia chumba cha ultrasaundi, ukawa habari ya picha na madaraja, na kutoka hapo ukadakwa na wauza dawa za kusafisha. Makazi yake hasa ni kliniki ya kisukari na presha. Na lile swali ambalo kila mtu anauliza, kwamba mafuta ni mengi kiasi gani, lina uzito mdogo kuliko maswali mawili ambayo karatasi ile haiyajibu: ini limeanza kupata makovu? Na sukari, presha na kiuno cha mwenye ini vikoje?

Tuanze na madaraja, maana ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ini la mtu mzima mwenye afya lina mafuta kidogo. Yakizidi asilimia 5 hivi ndipo madaktari husema ini lina mafuta. Ultrasaundi ya kawaida haiyapimi mafuta yenyewe. Mpigaji picha analitazama ini kwenye skrini, analilinganisha na figo ya kulia iliyo jirani yake, na kadiri ini linavyong'aa kuliko figo ndivyo daraja linavyopanda. Jicho la mpigaji, ubora wa mashine, hata unene wa tumbo la mgonjwa, vyote vinaingia humo. Mafuta yakiwa chini ya asilimia 20 hivi, picha inaweza isionyeshe kitu na mtu akaambiwa ini lake ni safi. Kuna na jambo baya zaidi. Ini likishajaa makovu hadi kusinyaa, mafuta huweza kupungua yenyewe. Mtu huyo akirudi kupigwa picha, habari ya mafuta inaweza kusomeka nzuri kuliko ya miaka iliyopita, huku hali yake ikiwa imeharibika.

Makovu ndiyo yanayoliangusha ini. Wataalamu huyapanga kwa hatua kuanzia 0 hadi 4, na ya nne ndiyo ini lililokakamaa, linaloleta maji tumboni, kutapika damu na saratani. Watu wengi wenye mafuta kwenye ini hawafiki huko. Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa kwa kurudia kuchukua kipande cha ini zinaonyesha kuwa mwenye mafuta tu huchukua wastani wa miaka 14 hivi kupanda hatua moja ya kovu. Yule ambaye mafuta yameshalichokoza ini hadi likavimba huchukua miaka 7 hivi. Wapo wachache wanaokwenda kasi kuliko hapo. Kwa hiyo mwenye daraja la kwanza na umri wa miaka 38 hana sababu ya kuuza pikipiki wiki hii akatafute tiba, ila hana pia sababu ya kuitupa ile karatasi kabatini hadi afikishe miaka 60.

Sasa, makovu utayajuaje bila sindano ya kuchukua kipande cha ini? Hapa ndipo ninaposhangaa tunavyojinyima. Ipo hesabu inaitwa FIB-4, imeanza kutumika tangu mwaka 2006, na haihitaji mashine yoyote mpya. Inataka vitu vinne: umri, vimeng'enya viwili vya ini ambavyo maabara huviandika AST na ALT, na idadi ya chembe sahani za damu (platelets), ambayo imo ndani ya kile kipimo cha kawaida cha hesabu kamili ya damu, FBP. Unazidisha umri kwa AST. Pembeni unazidisha chembe sahani kwa kipeuo cha pili cha ALT. Kisha la kwanza unaligawa kwa la pili.

Tuwabuni watu wawili. Mwalimu wa miaka 47 ana AST 40, ALT 49 na chembe sahani 230. Ultrasaundi imesema mafuta daraja la pili. Arobaini na saba mara 40 ni 1,880. Kipeuo cha 49 ni 7, mara 230 ni 1,610. Ukigawa unapata 1.17. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, kwa hiyo mwalimu atashughulikia kiuno na sukari yake, kisha arudie hesabu baada ya muda. Wa pili ni dereva wa lori wa miaka 58, daraja la kwanza tu, na ALT yake ni 36, namba ambayo maabara nyingi zitaiandika kuwa ya kawaida. AST ni 60, chembe sahani 145. Hamsini na nane mara 60 ni 3,480. Kipeuo cha 36 ni 6, mara 145 ni 870. Jibu ni 4. Ukizidi 2.67 unatakiwa kumwona mtaalamu wa ini. Kwa karatasi za ultrasaundi, mwalimu ndiye angelia na dereva angerudi safarini.

Hesabu hii ina mipaka yake. Kwa aliye chini ya miaka 35 haiaminiki sana, na kwa aliyepita 65 kiwango cha chini hupandishwa hadi 2. Kwetu kuna jambo jingine ambalo miongozo ya Ulaya haina haja ya kulisisitiza: malaria hushusha chembe sahani. Usiifanye hesabu hii kwa damu iliyotolewa ukiwa na homa, utajitisha bure. Walioangukia katikati ya 1.3 na 2.67 wanahitaji kipimo cha pili, ile mashine inayopima ugumu wa ini kwa mtikisiko bila kuchoma sindano. Mashine hizo kwetu ni chache na ziko zaidi kwenye hospitali kubwa za mijini, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuwachuja watu kwanza kwa hesabu isiyo na gharama.

Ningekuwa na sauti wizarani, ningeomba jambo moja dogo: mtu wa zaidi ya miaka 35 akipimwa AST, ALT na FBP kwa pamoja, kompyuta ya maabara iiandike FIB-4 yenyewe chini ya majibu. Mashine za maabara na kompyuta zinazotoa majibu zipo tayari hadi kwenye hospitali nyingi za wilaya. Daktari mwenye foleni ndefu hatakaa atafute kipeuo cha pili cha 53.

Kabla hatujayabebesha mafuta lawama zote, kuna tahadhari inayotuhusu sisi zaidi ya Wazungu. Ini la mtu wa Afrika Mashariki lina maadui wa zamani. Homa ya ini aina ya B ipo kwa wingi, na watu wazima wengi walizaliwa kabla chanjo yake haijaingia kwenye ratiba ya watoto. Tanzania iliianza mwaka 2002. Kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Ukerewe hadi Kisumu, kichocho cha tumbo huacha makovu yake ndani ya ini hata kwa kijana mwembamba. Halafu kuna sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliua watu 125 huko Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ukatokea Dodoma na Manyara. Mbali na vifo vya ghafla, kula sumukuvu kidogo kidogo kwa miaka huku una virusi vya B ni njia iliyonyooka ya kwenda kwenye saratani ya ini. Basi aliyeambiwa ana mafuta apimwe homa ya ini B na C kabla ya kitu kingine chochote. Mafuta yakikutana na virusi ndani ya ini moja, vinaweza kusaidiana kuliharibu.

Haya, mafuta yenyewe yanatoka wapi? Jibu la mtaani ni kwamba yanatoka kwenye sufuria ya chipsi. Mwaka 2005 watafiti wa Minnesota, Marekani, waliwapa wagonjwa 9 vyakula na vimiminika vyenye alama za kikemia kwa siku chache kabla ya kuchukuliwa kipande cha ini, ili kila tone la mafuta litakalokutwa humo lijulikane lilikotoka. Asilimia 59 ya mafuta ya ini yalitoka kwenye akiba ya mwili, yaani kitambi na mafuta ya chini ya ngozi yaliyokuwa yakivuja kwenye damu. Asilimia 26 ini lilijitengenezea lenyewe, kazi ambayo huifanya kwa kutumia sukari na wanga uliozidi. Mafuta yaliyoliwa moja kwa moja yalikuwa asilimia 15 tu. Wagonjwa 9 ni wachache, sawa, lakini picha hiyo inalingana na tunavyojua kuhusu insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mtu akiwa na kitambi, mwili huanza kuidharau insulini. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Mafuta yaliyohifadhiwa hayatulii tena mahali pake. Na insulini ile nyingi inalisukuma ini kugeuza sukari kuwa mafuta mchana na usiku.

Ndiyo maana mtu anaacha chipsi kwa miezi mitatu, anajisifu, na ini halibadiliki. Ameacha chipsi akabaki na soda. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko 9 vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza tukae chini ya gramu 25 kwa siku ikiwezekana. Asiyekunywa soda asicheke. Vikombe vitatu vya chai kwa vijiko vitatu kila kimoja vinatoa hesabu ileile, na hapo hatujafika kwenye juisi ya miwa ya barabarani wala juisi ya embe ya nyumbani ambayo mama ameongeza sukari "kidogo". Nusu ya sukari ya mezani ni fruktozi, na fruktozi iliyokunywewa kwa wingi kazi yake kubwa huishia kwenye ini. Embe lenyewe, linalotafunwa na nyuzi zake, halina kesi kubwa.

Sisemi mafuta ya kupikia yameachiwa huru. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori zaidi ya 100, na nchi yetu hupika kwa kumimina, si kwa kijiko. Ila tatizo kubwa la sahani ya mjini ni ukubwa wa ugali au wali ukilinganisha na kilichouzunguka, na saa ya kula. Mtu ameshinda na chai na andazi, chakula cha maana anakula saa tatu usiku, kilima cha sembe na mboga ya kuonjea, kisha kitandani. Ukiugeuza uwiano huo, matembele au kisamvu vikachukua nusu ya sahani, maharage au dagaa robo, ugali wa dona robo iliyobaki, hujanunua chochote kigeni wala hujafuata mlo wa Wagiriki. Pwani, mwezi wa Ramadhani unaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa wanaofunga, ila futari ya kaimati, tambi za sukari na sharubati hurudisha usiku kila kilichookolewa mchana. Mwenye kisukari anayefunga aongee na daktari wake kwanza.

Inafurahisha, kwa namna ya kusikitisha, kwamba madaktari wa Afrika Mashariki walilijua ini lenye mafuta zamani sana, kwa watu ambao hawakuwa na kitambi hata kidogo. Kwenye wodi za Mulago, Kampala, Hugh Trowell na wenzake waliliona kwa watoto wa kwashakoo: miguu imevimba, nywele zimefifia, na ini limejaa mafuta. Trowell huyohuyo ndiye mwaka 1956 aliyeandika, akiwa na mwenzake, kuhusu mgonjwa wa kwanza wa mishipa ya moyo kuripotiwa miongoni mwa Waafrika wa ukanda huu. Baadaye yeye na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji hapohapo Mulago, wakatumia uzee wao kupigia debe vyakula vyenye nyuzinyuzi. Maisha ya kazi ya daktari mmoja yalitosha kuona mwanzo wa safari ambayo sasa tunaiona katikati. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wana uzito uliozidi au unene. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 45.

Kuhusu pombe, kuna aibu inayowaumiza watu bure. Wengi hujitetea kabla hawajaulizwa: "Dokta, mimi pombe hata ladha yake siijui." Mke anamtazama mume kwa jicho la pembeni, waumini wananong'ona. Mwaka 1980 Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic waliandika kuhusu wagonjwa 20 ambao maini yao chini ya hadubini yalifanana na ya walevi, ilhali hawakuwa walevi. Wengi walikuwa wanene na wengi walikuwa wanawake. Tangu hapo jambo hilo halina ubishi. Mtu asiyewahi kuonja anaweza kabisa kuwa na ini lenye mafuta na makovu. Anayekunywa naye ahesabu kwa uaminifu: bia moja ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe. Wanawake wanaofika gramu 20 kwa siku, na wanaume 30, huhesabiwa kuwa pombe inachangia ugonjwa wao. Kwa hiyo bia mbili kila jioni baada ya kazi, zile ambazo mtu huziita "za kupoza koo", zinatosha. Na aliyeshaonekana kuwa na makovu makubwa, kwake kiasi salama hakipo.

Nije kwa wauzaji. Biashara ya kusafisha ini inasimama juu ya mfano mmoja unaoeleweka haraka: ini ni chujio, chujio hujaa uchafu, chujio huoshwa. Ini halifanyi kazi hivyo. Mafuta yale hayajakwama kwenye matundu kama takataka. Yamo ndani ya chembe hai za ini, na hutoka kwa njia mbili tu, ama yachomwe kuwa nishati, ama yafungashwe na kurudishwa kwenye damu. Hakuna kinywaji kinachoyatoa kwa njia ya choo. Watu huonyeshwa mawe ya kijani waliyoyatoa baada ya kunywa mafuta ya mzeituni na maji ya limau, wakaamini ini limetema. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand waliyapeleka maabara mawe ya mgonjwa wa namna hiyo, wakakuta hayana sifa za mawe ya nyongo. Yalikuwa yametokana na mafuta yaleyale aliyokunywa, yaliyogeuka kitu cha jamii ya sabuni humohumo tumboni.

Sizidharau mitishamba kwa kuwa ni mitishamba, na dawa kadhaa za hospitali zilianzia porini. Ninachokataa ni kumpa mtu mwenye ini lililochoka mchanganyiko wa mizizi isiyojulikana kipimo, halafu ini hilohilo ndilo lenye kazi ya kuivunjavunja. Hata kitu kinachoonekana cha kistaarabu kama dondoo la chai ya kijani kwenye vidonge vya kupunguza unene kimeshaharibu maini ya watu. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Kile angalau kilikuwa cha bei nafuu.

Dawa za kweli zipo sasa, ingawa wengi wetu hazijatufikia. Machi 2024 Marekani iliidhinisha resmetiromu kwa wenye makovu ya hatua ya 2 na 3, na Agosti 2025 ikaidhinisha semaglutaidi, ile sindano ya kisukari na unene, kwa ugonjwa huohuo. Resmetiromu ilipoingia sokoni bei yake ilitajwa kuwa dola 47,400 kwa mwaka. Sitaki kupoteza wino zaidi hapo.

Afadhali tuende Cuba, nchi isiyo na fedha za kuchezea. Watafiti wa huko waliwafuatilia wagonjwa 293 waliokuwa na ini lililovimba kwa mafuta, wakawapa ushauri wa chakula na kutembea kwa wiki 52, wakachukua kipande cha ini mwanzo na mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, 9 kati ya 10 uvimbe wa ini uliisha, na karibu nusu hata makovu yalirudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 9. Waliopunguza asilimia 5 walipata nafuu pia, zaidi ya nusu yao. Upande mchungu wa utafiti huo hautajwi sana: waliofika asilimia 10 walikuwa mmoja tu katika kila 10. Kupungua ni kazi ngumu, na anayesema "si uache tu kula" hajawahi kujaribu. Kilo nusu hadi moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Anayejinyima chakula kabisa ili aporomoke kwa kasi anaweza kulidhuru ini na kujitengenezea mawe ya nyongo.

Kwetu kuna ugumu mwingine ambao Wacuba huenda hawakuupata. Kitambi cha mwanamume ni ushahidi kwamba mambo yanamwendea, na mwanamke aliyenenepa baada ya ndoa anasifiwa kuwa ametunzwa. Apungue kilo 8 uone. Kazini wataulizana kulikoni, ukweni wataitana pembeni, na yupo atakayetaja virusi kwa sauti ya chini. Nimewasikia watu wakisema waliamua kurudisha mwili kwa sababu ya maneno hayo. Daktari anayemwambia mgonjwa apungue bila kuzungumza naye kuhusu hilo amefanya nusu ya kazi. Mwenza aitwe kliniki, apewe maelezo yaleyale, maana mara nyingi ndiye anayepika na ndiye atakayejibu maswali ya ndugu.

Mazoezi yana faida hata kabla mizani haijasogea. Misuli inayofanya kazi inaichukua sukari na kulipunguzia ini mzigo. Dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki ndizo zinazotajwa. Miaka 20 iliyopita watu wengi wa mjini walizipata bila kujua, kabla bodaboda haijaanza kutuchukua mlangoni na kutushusha mlangoni. Kushuka vituo viwili kabla ni mwanzo halali. Kahawa nayo imeonekana katika tafiti nyingi kwenda pamoja na makovu machache, vikombe viwili au vitatu kwa siku. Wazee wa barazani na kahawa yao chungu walikuwa kwenye njia sahihi, tukiacha kashata pembeni.

Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini duniani vilikubaliana kwamba mafuta kwenye ini yahesabiwe kuwa ugonjwa huu pale yanapoambatana na angalau kimoja cha hivi: uzito uliozidi au kiuno kinachopita sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, sukari ya asubuhi kuanzia 5.6, presha kuanzia 130 kwa 85, au mafuta ya damu yaliyovurugika. Ukiisoma orodha hiyo unaona kwa nini nasema makazi yake ni kliniki ya kisukari. Kinachowaua zaidi watu hawa ni moyo na mishipa yake, na ini huja nyuma yake. Utepe wa fundi cherehani unaweza kukwambia mengi kuliko ultrasaundi ya kurudiarudia kila miezi mitatu. Hapohapo niseme: walioandikiwa statini kwa ajili ya kolesteroli wasiziache kwa sababu wamesikia ini lina mafuta, kwani ni salama kwao, isipokuwa ini liwe limeshashindwa kabisa kazi. Na wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambao wengi wameongezeka uzito miaka ya karibuni, wana haki ya kupimwa kiuno na sukari palepale CTC, kliniki wanakochukulia dawa hizo. Hiyo haiwi sababu ya kuacha dawa hata siku moja.

Mwenye FIB-4 ndogo airudie baada ya miaka miwili au mitatu. Kama ana kisukari, kila mwaka au miwili. Lakini macho yakigeuka manjano, tumbo likijaa maji, ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, au mzee ndani ya nyumba akaanza kuchanganya majina ya watoto na kulala mchana kutwa, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali usiku huohuo, na chukua karatasi zote za zamani pamoja na ile chupa ya dawa ya kusafisha, daktari aione.